John Napier: alihesabu mara moja ili wengine wasihesabu tena

Leo tunawaletea maisha ya mtu mmoja wa Ulaya mwenye alikufa zaidi ya miaka 400 iliyopita. Jina lake ni John Napier. Mu mwaka wa 1597, mfalme wa nchi yake alimpatia barua ya ruhusa juu ya mashini moja yenye alikuwa amebuni: parafujo kubwa ya kuzunguka, ya kutosha maji mu mashimo ya makaa ya mawe. Wakati ule hakukuwa motopompe wala mafuta ya kuwasha. Mwenye alishafika Kamituga ao Misisi wakati wa mvua anajua maji mu shimo maana yake nini: kazi inasimama, deni inaongezeka, watoto wanarudishwa ku masomo juu ya minerval.

Lakini si juu ya ile parafujo njo dunia inamkumbuka. Inamkumbuka juu ya kitabu cha namba. Na ile kazi ya namba inatugusa sisi wa Kivu kila siku, pale mtu anaweka dhahabu ku mizani na mwengine anaangalia karatasi ili amwambie bei.

Mtoto wa ngome

Napier alizaliwa mu 1550, ku ngome ya Merchiston, karibu na muji wa Edinburgh. Ni kule Uskoti, nchi yenye Wafaransa wanaita Écosse, upande wa kaskazini wa Uingereza. Baba yake, Archibald, alikuwa kijana wa karibu miaka 16 tu wakati mtoto alizaliwa. Kisha ule baba aliwekwa mkubwa wa nyumba ya serikali yenye ilikuwa inatengeneza sarafu. Kwa hiyo mambo ya mizani na ya usafi wa dhahabu hayakuwa kitu kigeni mu jamaa yake.

Akiwa na miaka 13 walimtuma ku universite ya St Andrews. Hakumaliza, hakupata diplome. Alirudi, akaoa mu 1572, akajenga ku Gartness, mu mashamba ya jamaa. Bibi yake wa kwanza, Elizabeth Stirling, alikufa mu 1579 na kumwachia watoto wawili. Akaoa tena, bibi wa pili Agnes Chisholm, na huyu akamzalia watoto kumi. Hakuwa profesa, hakuwa na mshahara wa serikali juu ya hesabu. Alikuwa mwenye mashamba, na hesabu alikuwa anaifanya mu saa zenye zilibakia.

Kule Gartness, karibu na nyumba yake kulikuwa kinu cha maji cha kusaga. Watu wanasimulia kwamba kelele ya kinu ilikuwa inamvuruga mawazo, na saa ingine alikuwa anatuma mtu kuomba wasimamishe kidogo. Wenye wanaishi karibu na kinu cha kusaga mawe hapa kwetu wanaweza kumhurumia.

Jogoo mweusi na wezi wa nyumbani

Majirani walimuona kuwa mtu wa ajabu. Alikuwa anatembea usiku, anavaa nguo nyeusi, anaandika namba zenye hakuna mtu alizielewa. Basi wakaanza kusema kwamba ni mchawi. Sisi tunajua namna ile maneno inazaliwa, na tunajua inaweza kufika wapi.

Kuko hadithi moja yenye wazee wa kule walibaki wanasimulia. Vitu vilikuwa vinaibiwa mu nyumba, na Napier alishuku watumishi wake. Akawaambia kwamba jogoo wake mweusi anajua mwizi. Kila mtumishi aingie peke yake mu chumba chenye giza, ampapase jogoo mugongoni. Mkono wa mwizi ukimgusa, jogoo atamtaja. Kumbe Napier alikuwa amempaka jogoo masizi ya chungu. Wenye hawana kosa waliingia bila woga, wakampapasa, wakatoka na mikono nyeusi. Mwizi aliogopa, hakumgusa, akatoka na mikono safi. Njo namna alikamatwa. Kama hadithi ni ya kweli kabisa ao imeongezwa chumvi, inaonyesha mtu wa namna gani watu walimuona: si mchawi, ni mtu mwenye anafikiri mbele ya wengine.

Mkataba wa hazina

Mu mwezi wa saba 1594, Napier aliandikiana mkataba na bwana mmoja, Robert Logan. Logan alikuwa na ngome juu ya mawe kando ya bahari, Fast Castle, na watu walisema ndani yake kuko hazina imefichwa. Napier angeleta akili yake yote ya kutafuta. Kama hazina inaonekana, yeye anapata sehemu moja juu ya tatu. Tena Logan alipaswa kumsindikiza mpaka Edinburgh ili asiibiwe njiani. Mchimbaji wa hapa kwetu atacheka: ni mkataba wa PDG na mwenye shimo, hakuna tofauti.

Hakuna habari kwamba hazina ilipatikana. Lakini miaka miwili nyuma, Napier alipokodisha mashamba yake, aliandikisha ndani ya mkataba kwamba mtu yeyote wa jina la Logan asipewe. Wenye walishagawanyika vibaya ku shimo wataelewa bila kuambiwa zaidi.

Mwaka mmoja mbele ya ule mkataba, mu 1593, alitoa kitabu juu ya Ufunuo wa Yohana. Ilikuwa ni wakati wa vita vya dini Ulaya, na yeye, Mprotestanti mkali, alimpiga Papa mu kile kitabu kwa maneno makali. Alifanya pia hesabu ya mwisho wa dunia: itakuwa kati ya 1688 na 1700. Yeye mwenyewe aliona kile kitabu kuwa kazi yake kubwa, na kilisomwa sana, kikatafsiriwa mu luga zingine. Ile miaka ilipita, dunia ikabaki. Hesabu yake ilikuwa na mpango mzuri, lakini vitu vyenye alianza navyo havikuwa vya kupimwa. Tukumbuke hii, tutairudilia.

Miaka 20 juu ya meza moja

Wakati ule, wenye kuangalia nyota, wenye kuongoza meli na wenye kupima mashamba walikuwa wanateswa na kitu kimoja: kuzidisha na kugawa namba ndefu, za tarakimu saba ao zaidi. Kuzidisha mara moja kunaweza kumaliza nusu saa, na kosa moja inaharibu yote. Mubaya zaidi, mtu wa London na mtu wa Prague walikuwa wanarudia jasho lile lile, kila mumoja kivyake.

Napier alifikiri hivi. Angalia namba mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Kila moja ni mbili zenye zimezidishwa mara fulani. Tuandike orodha: mstari wa 1 ni 2, mstari wa 2 ni 4, wa 3 ni 8, wa 4 ni 16, wa 5 ni 32, wa 6 ni 64, wa 7 ni 128, wa 8 ni 256. Sasa unataka kuzidisha 8 na 32. Usizidishe. Angalia 8 iko ku mstari gani: wa 3. Na 32: wa 5. Jumlisha 3 na 5, unapata 8. Soma mstari wa 8: ni 256. Umemaliza. Kazi ngumu ya kuzidisha imegeuka kazi nyepesi ya kujumlisha, juu mtu mwengine alishaandika orodha mbele yako.

Shida ni kwamba ile orodha yetu inaruka: hakuna 9, hakuna 33. Napier alitaka orodha yenye namba zinakaribiana sana, ili kila mtu apate yake. Kutengeneza ile kulimukamata karibu miaka 20, peke yake, na kalamu na karatasi. Mu 1614 kitabu kilitoka Edinburgh, mu Kilatini, na kurasa 90 za namba. Ile namba ya mstari aliipatia jina la logaritimu. Wazee wetu wenye walisoma sekondari mbele ya kalkilatrisi kuenea wanaijua vizuri: kile kitabu cha table de logarithmes mwalimu alikuwa anakataza kukiweka mafuta.

Mgeni kutoka London

Mu London kulikuwa profesa wa hesabu, Henry Briggs. Alipokisoma kile kitabu, hakulala. Mu 1615 alifunga safari ndefu mpaka Merchiston ili amuone mwenye alikiandika. Wanasimulia kwamba walipokutana, walikaa karibu robo saa wanaangaliana tu bila kusema neno, kila mumoja anamushangaa mwenzake.

Wakakubaliana kurudilia ile orodha upya juu ya msingi wa kumi, sawa tunavyohesabu na vidole. Napier alikuwa amechoka na mgonjwa, kazi akaachia Briggs. Mu 1624 Briggs alitoa orodha yake: namba zote toka 1 mpaka 20 000, kisha toka 90 000 mpaka 100 000, kila jibu na tarakimu 14. Mu 1628 Muholanzi Adriaan Vlacq alitoa orodha yenye imejaza sehemu ya katikati. Mbele ya ile, Johannes Kepler, fundi mkubwa wa mambo ya sayari, alikuwa ameshatumia logaritimu mu hesabu zake, zenye zilitoka kitabu mu 1627. Toka pale, kwa miaka zaidi ya 300, watu wa meli, wa madaraja na wa migodi walifungua kitabu, wakasoma jibu, wakafunga kitabu.

Kosa moja yenye ilitembea

Sasa tufike ku jambo lenye lilitufanya tuandike hii habari. Napier alijenga orodha yake kwa ngazi: jibu la kwanza linazaa la pili, la pili linazaa la tatu. Mu orodha ndogo yenye ilimsaidia kujenga ile kubwa, kuko hatua 50. Ku mwisho wa zile hatua alipaswa kuandika 9 995 001,224804. Aliandika 9 995 001,222927. Tofauti ni ndogo sana, haifike hata sehemu mbili juu ya elfu. Lakini kwa sababu hesabu zenye zilifuata zilisimama juu ya ile namba, kosa iliingia mu logaritimu mingi za kitabu, ku tarakimu za mwisho.

Hakuwa na nia mubaya. Ni mtu wa kuaminika, amefanya kazi miaka 20. Lakini jibu lenye limewekwa akiba linasomwa bila kuhesabiwa tena. Njo faida yake, na njo hatari yake pia. Kama ni sawa, linasaidia maelfu. Kama si sawa, linadanganya maelfu, na hakuna mwenye anajua juu hakuna mwenye anarudilia hesabu. Dawa ilikuwa ile Briggs alifanya: kuhesabu upya kwa njia ingine.

Mifupa

Mu 1617, mwaka wa kufa kwake, Napier alitoa kitabu kingine kidogo, cha watu wa kawaida wenye hawataki logaritimu. Mule alionyesha vijiti vya kuzidisha. Juu ya kila kijiti ameandika majibu tayari: ku kijiti cha saba, 7, 14, 21, mpaka 63. Ukitaka kuzidisha namba ndefu, unapanga vijiti kando kando, unasoma, unajumlisha kidogo. Vingi vilikuwa vinachongwa mu pembe ya tembo ao mu mfupa, njo maana watu waliviita mifupa ya Napier.

Mtu wa Kivu akisikia mfupa na hesabu, atawaza Ishango, kule ku ziwa Édouard, Kivu ya Kaskazini. Mu 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa wenye alama zimekatwa kwa mafungu, wa miaka karibu 20 000. Leo uko Brussels. Wataalamu bado wanabishana juu ya maana ya zile alama, lakini wengi wanaona ni hesabu ya kitu fulani. Basi kuandika ku mfupa ili kichwa kipumzike si jambo lenye lilianzia Uskoti.

Napier alikufa Merchiston, tarehe 4 mwezi wa nne 1617, kisha kuteswa miaka mingi na ugonjwa wa goutte. Mu 1619 mtoto wake Robert alitoa kitabu chenye kinaeleza namna baba alijenga ile orodha. Tunasifu ile, juu kitabu cha 1614 kilitoa majibu bila kueleza njia yote. Cha 1619 njo kilifungulia watu mlango wa kuhakikisha.

Mashini pia inachoka kurudilia

Miaka 350 nyuma ya Napier, mu muji ule ule wa Edinburgh, mwalimu wa universite Donald Michie alikuwa anafanya kazi na ordinateri. Mu 1968 alieleza namna ya kufundisha mashini isirudilie hesabu. Mbele ya kuhesabu, mashini inaangalia mu orodha yake: hili swali nilishajibu? Kama ndiyo, inachukua jibu. Kama hapana, inahesabu, inaandika jibu mu orodha, kisha inalitoa.

Mfano wa shimo. Ngazi ya kushukia iko na vipago 30. Kila mara unaweza kushuka kipago kimoja ao viwili. Njia ziko ngapi za kufika chini? Jibu la 30 ni jibu la 29 ukijumlisha na la 28. La 29 ni la 28 ukijumlisha na la 27. Unaona: la 28 limeulizwa mara mbili tayari. Mashini yenye haina orodha itauliza maswali 1 664 079 mbele ya kujibu. Yenye iko na orodha itajumlisha mara 28 tu. Jibu ni lile lile: njia 1 346 269. Leo programu nyingi za ma-ingénieur na za banki zinafanya hivi.

Na karatasi ya bei ku ukuta?

Turudi nyumbani. Karatasi ya négociant ni mtoto wa kitabu cha Napier: mtu alihesabu mara moja, sasa anasoma tu. Si mubaya. Lakini tuulize kitu gani kinafaa kuwekwa akiba.

Kuko majibu yenye hayabadilike. Dhahabu safi ni nzito mara 19,3 kuliko maji; kipande safi cha gramu 19,3 ukikipima ndani ya maji kinapungua gramu moja. Orodha ya usafi yenye imejengwa juu ya ile, kama ilihesabiwa sawasawa, itakuwa ya kweli hata miaka mia. Tena onsi moja ya dhahabu ni gramu 31,1, na tola moja ni gramu 11,66. Zile ziandikeni, zikae.

Lakini bei ya onsi inabadilika kila siku. Tuseme siku moja onsi iko dola 3 110: ukigawa na 31,1, gramu safi inafika dola 100. Mnunuzi anaandika karatasi, anabandika. Juma moja nyuma, onsi iko dola 3 421: gramu safi ni dola 110. Kama karatasi ni ile ile, mwenye anauza tola moja ya dhahabu safi anapoteza dola 116 na kitu, hata mbele ya kuhesabu faida ya mnunuzi na kodi. Mizani haikudanganya. Hesabu ya siku ya kwanza haikudanganya. Ni jibu la zamani kwa swali la leo.

Basi tunaomba kila jamaa: mukifika ku comptoir, muulize karatasi iliandikwa siku gani, na juu ya bei gani ya onsi. Mwana mwenye yuko sekondari afanye hesabu ku simu: bei ya onsi, gawa na 31,1, zidisha na usafi. Akiandika jibu mu kahie ya nyumba, aweke tarehe kando, na mtu wa pili ahesabu tena kwa upande wake. Napier alihesabu peke yake miaka 20, hakuwa na mtu wa kumuangalilia, na kosa yake ikatembea mu kitabu chote.

Ngome ya Merchiston bado imesimama, katikati ya majengo ya universite yenye inaitwa kwa jina lake. Wanafunzi wanapita pale kila siku na simu mu mfuko, na ndani ya simu kuko majibu mengi yenye mtu alishahesabu mbele yao.